Tatizo Moja kwa Siku

Wagonjwa ndio waliompa jina la Radi, na hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akiwa karibu. Mbele yake walisema Sista, kama wanavyowaita wauguzi wote, huku wamekunja mikono mapajani kama watoto wanaongoja kuchapwa. Alikuwa mwanamke mfupi ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Kwa miaka mingi alikaa kwenye meza ya kwanza ya kliniki kubwa ya ghorofa mbili, pale mgonjwa anapopimwa presha na uzito kabla ya kuonana na daktari. Kazi yake ilikuwa kuuliza, "Unasumbuliwa na nini?" Kazi yake ya pili, ambayo hakuifundishwa chuoni, ilikuwa kuhakikisha jibu ni moja tu.

Kliniki ile iliishi kwa kadi za bima, na kampuni ya bima ililipia tatizo moja kwa mgonjwa mmoja kwa siku. Mgonjwa akija na kifua na goti, dai la goti lilirudishwa na alama nyekundu, na meneja akashuka ngazi kuuliza ni nani kaandika goti. Ndipo likabandikwa tangazo ukutani, juu ya mashine ya maji ya kunywa, kwa herufi zenye adabu zote: MPENDWA MTEJA, TAFADHALI CHAGUA TATIZO MOJA.

"Kifua kinabana, Sista, halafu na macho nayo—"

"Kifua au macho, baba?"

"Yote yananisumbua, mwanangu."

"Yote hayamo kwenye kompyuta. Chagua moja, lingine uje nalo siku nyingine."

Na watu walichagua. Walisimama pale wamekunja uso, wakipima mwilini mwao kipi kinaweza kungoja. Mwishoni walijifunza. Walikuja wameshachagua tangu nyumbani, wakataja lao moja kwa haraka kama mtu anayetaja jina kwa askari, wakanyamaza. Foleni ilikwenda vizuri. Meneja alimsifu Radi mbele ya wenzake, na wasichana wapya wa mapokezi waliletwa kwake wafundishwe.

Alitoka kazini na hasira kila jioni, na nyumba aliyoipitia kuitoa ilikuwa ya kaka yake, aliyemwachia ziwa. Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha mageti na madirisha, mtu mpana wa mabega, mwenye madoa ya moto mikononi na kicheko cha kutikisa vikombe mezani.

"Leo kaja mtu na magonjwa kama anafungua duka!" Radi alisema. "Mgongo, sikio, kizunguzungu! Nikamwandikia mawili kwa huruma, meneja akanishukia kama mwewe. Kidogo nifukuzwe kazi kwa ajili ya sikio la mtu!"

Kaka alicheka, mkewe akacheka, na Radi mwenyewe akacheka, kwa sababu hasira nayo huchoka. Hakuna hata mmoja mezani pale aliyejua kwamba Kaka alikuwa anajifunza.

Katika kliniki ile kulikuwa na daktari mrefu wa chumba cha mwisho, aliyekuwa na ugonjwa wake mwenyewe: alisikiliza. Mgonjwa akiingia kwake alikaa, foleni ikavimba hadi mlangoni, na meneja akawa anapitapita koridoni akitazama saa yake ili aonekane anaitazama. Siku moja, baada ya yeye na meneja kurushiana maneno ambayo yalisikika mpaka chumba cha sindano, daktari alichukua kikombe chake na kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo, akatoka. Alipanga vyumba viwili juu ya duka la matairi. Mpango wake ulikuwa rahisi kiasi kwamba watu waliutilia shaka. Mwanachama alilipa ada ile ile kila mwezi, awe mgonjwa au mzima. Akitaka kuja, aje. Akitaka kupiga simu, apige. Aseme yote aliyo nayo. Hapakuwa na bima wala kadi.

"Anauza udaktari kama maziwa ya kila asubuhi," meneja alisema, na wafanyakazi wakavunjika mbavu kwa sababu ni yeye aliyekuwa anawalipa.

Radi hakucheka. Alimfuata daktari kwa mshahara pungufu. Shangazi yake alipopata habari alishika kichwa. "Umeacha kiti cha kuzunguka, umekwenda kupanda ngazi zinazonuka mpira! Nani alikuroga?"

"Hasira, shangazi."

"Hasira hailipi kodi."

"Lakini inanipa usingizi."

Kule juu ya matairi aligundua jambo lililomtia hasira mpya. Watu walilipa, walijiunga, wakaambiwa waziwazi kwamba hapa wanaweza kusema yote, na bado walikuja na moja. "Goti tu, Sista. Goti tu," walisema, wakitazama ukutani kutafuta tangazo. Daktari aliwapa muda. Walizungumzia goti, wakashukuru, wakasimama, na mkono ukiwa umeshashika kitasa ndipo waligeuka: "Samahani, Daktari. Halafu kuna hili la kukojoa damu."

Daktari aliuita huu ugonjwa wa mlangoni, na aliutania. Radi hakuona utani. Nusu ya wale watu aliwajua kwa sura. Walikuwa wanafunzi wake, na walikuwa wamefaulu.

Kaka alimsumbua kuliko wote. "Mimi nina kadi ya bima ya kiwandani," alisema. "Nilipie tena nini?"

"Ulipie kusikilizwa."

"Nina mke, nasikilizwa."

"Wifi hasikilizi, anavumilia!"

Akajiunga ili apumzike na mdomo wa dada yake. Alikuja mara moja, amevaa buti zake za kazi, akikohoa moshi wa vyuma. Daktari alimsikiliza kifua, akampa dawa, akamwambia Radi ampime na damu, maana mwanachama mpya hupimwa kila kitu. Radi alichukua kisindano cha kidole. Kaka akarudisha mkono nyuma.

"Hiyo tuiweke siku nyingine. Leo nimekuja na kikohozi."

"Lijitu zima linaogopa kisindano, na moto linaushika mkononi!"

"Siku nyingine, dada. Usinicheleweshe, kuna geti linaningoja."

Simu ilikuwa inalia mezani. Radi alimsonya, akaishika simu, na Kaka akashuka ngazi taratibu, ameshikilia ukuta.

Wiki chache baadaye wifi yake alipiga simu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, kwa hiyo Radi alikaa chini kabla ya kumsikiliza.

"Wifi, kaka yako anafua soksi zake mwenyewe."

"Anafua nini?"

"Soksi. Anazificha, anafua, anaanika nyuma ya nyumba. Nikimuuliza anapiga mluzi."

Katika maisha yake yote Kaka hakuwahi kufua hata leso. Radi alivaa viatu akitembea.

Alimkuta kwenye kochi, miguu ameiingiza chini ya meza kama mtoto aliyevunja kitu. Harufu ilimwambia kabla hajauliza. Alipiga magoti, akamvua soksi, na soksi ilitoka na ngozi. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa cheusi kama mkaa, cha jirani kilianza kukifuata, na chini ya unyayo palikuwa na shimo lenye kingo nyeupe. Kaka alieleza polepole. Cheche ilikuwa imeingia ndani ya buti. Hakuisikia. Alijua tu alipoona moshi unatoka kwenye kamba.

"Hukuisikia? Moto umeingia mguuni na hukuusikia?"

"Miguu imekufa ganzi siku nyingi. Nilidhani ni uzee."

"Na ulipopanda ngazi zangu, ukakaa kwenye kiti changu, ulikuwa na kidonda hiki?"

"Nilikuja na kikohozi."

"Sikuulizi kikohozi! Hiki je?"

"Nilikuwa nakitunzia safari nyingine." Alimtazama kwa aibu, mtu mzima yule mwenye mabega. "Si wewe mwenyewe ulisema mtu akileta mawili unataka kufukuzwa? Kazi yenyewe mpya. Sikutaka nikuharibie."

Radi hakuinuka kutoka magotini. Alibaki ameshika ile soksi. Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, baadaye alisema kwamba katika miaka yote ndani ya ukoo huo hakuwahi kumwona Radi akikosa la kusema, na kwamba ndipo alipoogopa hasa.

Daktari alipompima Kaka sukari, kile kimashine kidogo kiligoma kutaja namba, kikaandika tu kwamba iko juu. Alianza dawa palepale, akasafisha kidonda akiwa ameinama kwa muda mrefu, kisha akamvuta Radi pembeni, kwenye ngazi. Vile vidole viwili lazima vitoke, alisema, na vitoke upesi. Vikicheleweshwa, vitaondoka na mguu mzima.

"Vitoe."

"Sina chumba cha upasuaji, Sista. Ada yetu inaishia kwenye mlango huu. Lazima aende hospitali kubwa, na atumie kadi yake ya kiwandani."

Hapo danadana zikaanza. Daktari aliandika barua ya rufaa nzuri, iliyoeleza kila kitu. Kwenye dirisha la hospitali kubwa waliirudisha. Kadi ilitaja kliniki moja tu inayoruhusiwa kumpeleka mwenye kadi kwa daktari wa upasuaji, na haikuwa ile ya juu ya matairi. Radi aliuliza ni kliniki gani, ingawa alishajua.

Kwa hiyo alirudi. Aliingia kwa mlango aliouzoea akiwa amemshika Kaka kiunoni, wakapita chini ya tangazo lile lile, na kwenye kiti chake cha kuzunguka alikuwepo msichana aliyemfundisha mwenyewe, nywele zimebanwa vizuri, kalamu mkononi.

"Jamani, Sista! Umetutupa." Uso wa msichana uling'aa kwa furaha ya kweli. Kisha mikono ikarudi kwenye kompyuta. "Mzee anasumbuliwa na nini?"

"Kidonda mguuni na sukari. Anahitaji rufaa ya upasuaji leo."

"Kidonda au sukari?"

"Nimesema vyote viwili."

Msichana alitabasamu kwa upole ule ule ambao Radi alikuwa amemfundisha autumie. "Sista, wewe unajua. Nikiandika kidonda, anakwenda chumba cha kufunga vidonda, hapahapa. Nikiandika sukari, anapangiwa siku ya watu wa sukari, mwezi ujao. Chagua moja, lingine aje nalo siku nyingine."

Ilikuwa sauti ya Radi mwenyewe, na kituo kile kabla ya "siku nyingine" kilikuwa chake. Kidonda peke yake kilikuwa kitu cha kufungwa bandeji na kurudi nyumbani. Sukari peke yake ilikuwa kitu cha kungoja. Kilichokuwa kinamla Kaka mguu ni hivyo viwili vikishirikiana, na ugonjwa huo, katika jengo lote lile la ghorofa mbili, haukuwa na pa kuandikwa.

"Mwite meneja."

"Yuko kwenye kikao."

"Nitamngoja."

Wakakaa kwenye benchi. Kaka alifunga macho. Mama mmoja mzee mwenye kitenge kilichopauka alisogea, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, si wewe uliyekuwa unakaa pale mezani? Nimesikia uko mahali wanaposikiliza mtu mpaka amalize. Na mimi nataka. Nikija kesho mtanipokea?"

Juma lile lile daktari alikuwa amefunga uandikishaji. "Tumejaa, mama. Labda nafasi ikipatikana."

Mama alimtazama, hana kinyongo hata kidogo. "Basi na ninyi ni walewale," alisema, na akarudi mahali pake kutunza namba yake ya foleni.

Hapo ndipo Radi alipolipuka. Hakumpigia kelele mama, wala msichana. Alisimama, akamshika Kaka mkono, akampeleka mezani, akamwambia, "Vua buti."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Vua, Kaka. Maisha yako yote umenisikiliza, usiniangushe leo."

Akavua. Radi alifungua bandeji, akaunyanyua ule mguu mzito kwa mikono miwili, akauweka juu ya meza ya kwanza, katikati ya mashine ya presha na chombo cha kalamu. Harufu ilipanda na kutandaa. Msichana alirudisha kiti nyuma hadi kikagonga ukuta. Watu wa mbele kwenye foleni waliziba pua, wa nyuma wakasimama ili waone.

"Haya, chagua!" Radi alisema. "Nilikufundisha kuchagua. Huu ni kidonda au ni sukari? Nionyeshe mpaka uko wapi, nikate hapo!"

"Dada, wananitazama," Kaka alinong'ona.

"Waache watazame. Wamelipa."

Meneja alishuka ngazi, tai imekaa upande, kikao kimekwisha ghafla. "Sista! Unawatisha wateja!"

"Wateja? Mteja ni anayenunua mkate. Hawa wanaoza mbele yako ukiwapangia siku!"

Meneja alitazama mguu, akatazama pembeni, akavuta hewa kwa mdomo. Alizunguka meza, akamwomba msichana apishe, akabonyeza mahali kwenye kompyuta ambapo Radi hakuwahi kupaona, akaandika neno lake la siri. Dharura, kilisema kioo. Matatizo yote yaliandikwa humo, moja chini ya jingine, na rufaa ikatoka kwenye mashine ya kuchapia ikiwa bado ya moto.

Radi aliitazama ile karatasi. "Hiki kitu kilikuwepo siku zote?"

"Kinatumika kwa idhini maalumu tu. Tukikitumia kwa kila mtu, bima watatukagua."

"Miaka yote niliyokaa pale. Wale wazee wote. Kilikuwepo?"

Meneja alishamgeukia mfagizi, akimwagiza afungue madirisha. Alikuwa ametia saini ili mguu uondoke mezani kwake. Kama usingenuka, ungengoja.

Kaka alipasuliwa kesho yake. Vidole viwili vikaenda, mguu ukabaki. Daktari wa upasuaji alisema wangechelewa kidogo tu angekata gotini, akalisema hilo kama sifa, na Radi alilipokea kama tusi.

Alirudi juu ya matairi na kumkuta daktari anakunywa chai. "Kuna mama mmoja pale kliniki anataka kujiunga," alisema bila salamu.

"Tumejaa."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akanijibu sisi ni walewale."

Daktari aliweka kikombe chini. "Sista, tukiongeza na kuongeza, nitawapa watu dakika zile zile walizopewa kule, na wewe utanibandikia tangazo ukutani. Mimi ni mmoja."

"Basi tafuta wa pili."

"Nani atakubali mshahara huu?"

"Mimi nimekubali! Kwani nina wazimu peke yangu?" Aligonga meza, chai ikamwagika. Alijua daktari anasema kweli, na hilo lilimkera kuliko uongo wote wa meneja. Alifuta meza. Siku zilizofuata, baada ya kazi, alianza kuwapigia simu madaktari aliowahi kufanya nao kazi, mmoja baada ya mwingine, akiwagombeza kabla hawajakataa. Wa pili hajampata bado. Anaendelea kupiga.

Kuna kitu kimoja alikibadilisha palepale. Hakuna mwanachama anayegusa kitasa cha mlango ule kabla Radi hajasimama mbele yake, mikono kiunoni, na kumuuliza, "Na la pili?" Wakisema hakuna, anauliza tena. Wengine hukasirika. Mzee mmoja alimwambia anahoji kama mahakama. "Afadhali ukasirike ukiwa na miguu miwili," Radi alimjibu.

Kaka alirudi kusafishwa kidonda akitembelea gongo, amepungua mwili, kicheko kimerudi nusu. Radi alimfunga bandeji mpya, akampima sukari, akasimama mbele yake.

"Na la pili?"

"La pili ni wewe," Kaka alisema. "Dawa yake ipo?"

Daktari aliguna kwa kicheko nyuma ya pazia. Radi hakucheka.

"Kaka. Na la pili?"

"Sikio moja linavuma. Usingizi hauji. Bosi wangu ni mshenzi. Jirani ana redio. Niendelee?"

"Endelea."

"Yamekwisha."

Aliinuka, akajiweka sawa kwenye gongo. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye bandeji, wa kushoto ndani ya lile buti la kazi, kamba zimekazwa kuliko ilivyohitajika. Radi alilitazama buti, akamtazama usoni. Kaka akatazama dirishani.

"Huo mwingine," Radi alisema.

"Huu mzima."

"Nimekuuliza?"

Chini, mwenye duka alikuwa anapiga nyundo kwenye rimu. Kaka aliisikiliza ile nyundo kama anayengoja imalize. Kisha alikaa tena kitini, akaegemeza gongo ukutani, akainama, akaanza kufungua kamba.